Kununua gari lililotumika Nakuru na Kisumu: karatasi kwanza, mlima baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pesa za gari moja tu. Mwalimu wa Kakamega, muuguzi wa Nakuru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ahero: mtu anayetaka gari la kumfikisha kazini siku zote na kumpeleka nyumbani Desemba bila kusimama mlimani Timboroa boneti likiwa wazi. Sizungumzii gari la kuagiza Japani. Nazungumzia lile ambalo tayari lina namba za Kenya na linauzwa na mwenyewe, na broka, au na yadi ya mjini.

Fuata hatua kwa mpangilio huu. Wanunuzi wengi huanza kwa kuliendesha, wakalipenda, kisha karatasi wakazipitia juujuu kwa kuwa moyo umeshanunua.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla ya kutazama picha

Kama una laki saba, wewe si mnunuzi wa gari la laki saba. Toa moja ya kumi kwanza, uiweke kando, usiiguse wakati wa kubishana bei. Hiyo ni ya oili zote, tairi mbili au nne, betri, na kile ambacho muuzaji hakukuambia. Toa pia bima na ada ya kubadilisha umiliki. Kinachobaki ndicho bei yako.

Sasa aina ya gari. Ushauri wa mitandaoni huandikwa na watu wa Nairobi, na Nairobi kila spea iko Kirinyaga Road. Wewe uliza hivi: gari hili likiharibika Alhamisi jioni, spea yake naipata mjini kwangu Ijumaa asubuhi, au nasubiri kifurushi cha basi? Probox, Fielder na Axio zenye injini ya 1NZ hupata jibu zuri karibu kila mji wa magharibi, kuanzia Nakuru mpaka Busia. Injini hiyo ina cheni ya taimingi, si belti, na fundi yeyote wa jua kali ameshaifungua. Ndiyo maana bei ya Probox haitaki kushuka hata ikizeeka.

Ukitaka Subaru Forester, jua injini gani iko ndani. Zile za EJ hutumia belti ya taimingi inayobadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ikikatika injini inaumia vibaya. Za FB zina cheni. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha lini belti ilibadilishwa, wewe hesabu kwamba haijabadilishwa. Demio ya dizeli inabana mafuta kweli, lakini ina chujio la masizi ambalo safari fupifupi za kutoka Milimani hadi mjini na kurudi huliziba. Inafaa zaidi mtu wa barabara ndefu. Honda Fit haibridi ni gari zuri mikononi mwa mtu aliye karibu na fundi anayeijua. Kama fundi huyo hayuko mjini kwako, iache.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo mtu wa Mombasa halimsumbui. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni kama 1,850, na ukielekea Timboroa unapita 2,500. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Vitz ya cc 1,000 ikiwa na watu watano, gunia la mahindi na ndizi kwenye buti itapanda, ndiyo, lakini itapanda ikilia nyuma ya trela, na kulipita trela hilo itakuwa kamari. Kama mwendo wako ni wa mjini, Vitz inatosha kabisa. Kama kila mwezi unatoka Kisumu kwenda Nairobi na familia, anzia cc 1,300, na 1,500 ni bora.

Hatua ya 2: Simu ya kwanza

Uliza mambo matatu: jina lililo kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari) ni la nani, gari lina mkopo au halina, na linaweza kuonekana asubuhi injini ikiwa baridi. Ukisikia "logibuku ni ya mwenye alimuuzia mwenye aliniuzia", ujue mnyororo umekatika mahali. Si lazima uwe wizi, ila itabidi yule wa kwanza apatikane ndipo umiliki ubadilike, na huenda yuko Qatar.

Maneno ya matangazo yasikusisimue. "Limeendeshwa na mwanamke" haijawahi kumwongezea mtu oili kwenye injini. "Nunua uendeshe" ni maelezo ya kila gari lenye magurudumu.

Siku ya miadi muuzaji anaweza kukupigia njiani: "Nimeshaliwasha, boss, linapasha. Kuja tu." Mjibu kwa upole kwamba utakuja kesho alfajiri, na asiliguse. Injini iliyopashwa moto huficha mlio wa cheni, moshi wa kwanza, betri iliyochoka na ugumu wa kuwaka. Anayekataa kabisa uione ikiwa baridi ameshakujibu.

Hatua ya 3: Karatasi, kabla ya boneti

Chukua namba ya gari na uombe kumbukumbu zake za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Utalipa ada ndogo na kupata maelezo ya usajili: mwaka wa kuundwa, namba ya chesi (ile iliyopigwa kwenye chuma cha gari), namba ya injini, rangi, na kama kuna benki au mkopeshaji anayelishikilia. Linganisha na logibuku na kitambulisho cha anayeuza. Ukiwa hapohapo kwenye eCitizen, tafuta pia katika rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017. Mikopo ya logibuku ni mingi, na mtu anaweza kuwa amelikopea gari juzi tu.

Herufi za namba zisikudanganye kuhusu umri. KDA zilianza kutolewa 2020, na watu husema "ni KDA, bado mpya". Lakini sheria yetu inaruhusu gari la nje lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe huko mara ya kwanza, kwa hiyo gari la KDA la mwaka ule lingeweza kuwa la 2013. Bei hufuata mwaka wa kuundwa, na si herufi.

Kisha nenda kwenye gari lenyewe na usome namba ya chesi kwa macho yako. Katika Toyota nyingi imepigwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Zingine iko chini ya zulia la kiti cha mbele. Tumia tochi ya simu. Herufi zinapaswa kuwa na kina sawa na kukaa kwenye mstari mmoja. Ukiona sehemu hiyo imepakwa rangi mpya peke yake, ina mikwaruzo ya kusuguliwa au mstari wa kuchomelewa kuizunguka, funga boneti, mshukuru mwenye gari, uende zako. Hapo hakuna cha kupunguziwa bei.

Kama gari lilitoka kwenye mnada wa Japani, karatasi ya mnada inaweza kutafutwa kwa namba ya chesi. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Angalia hasa kilomita: gari lililoondoka Japani na kilomita 112,000 haliwezi kusoma 89,000 leo Kondele.

Hatua ya 4: Bodi

Mchana, si jioni, na si gari lililotoka kuoshwa likiwa bado na maji. Simama kwenye kona ya nyuma na utazame ubavu wote mpaka mbele: mawimbi kwenye rangi ni puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi. Sumaku ndogo uliyofunga kwa kitambaa hushika chuma na hukataa penye puti nene. Kumbuka tu kwamba bampa ni plastiki, usije ukamlaumu mtu bure. Tazama boliti zinazoshika mabawa na boneti. Rangi iliyobanduka kwenye kona za nati ni alama ya spana. Inua zulia la buti, toa tairi la spea, tazama sakafu chini yake. Hapo fundi wa bodi hajichoshi kupendezesha, kwa hiyo mikunjo ya kugongwa nyuma bado ipo.

Kwetu huku kuna jambo la mafuriko. Nyando, Budalang'i, na hata mitaa ya Nakuru mvua ikizidi, magari huzama maji mpaka vitini, kisha hukaushwa, hupuliziwa marashi, na huuzwa kaunti nyingine. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mkanda uliozama huwa na mstari wa tope kwenye sehemu ambayo hutoka mara chache. Gusa chini ya zulia miguuni, nusa matundu ya hewa feni ikiwa juu kabisa. Gari lililozama lina waya zinazooza polepole, na ugonjwa wa waya haumaliziki.

Mita ya kilomita ilinganishe na vitu vinavyochakaa: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa kulia juu, ukingo wa kiti cha dereva.

Hatua ya 5: Injini ikiwa baridi

Weka mkono juu ya injini. Kama ni vuguvugu, rudi hatua ya 2.

Fungua mfuniko wa radieta. Hili hufanywa injini ikiwa baridi tu. Ikiwa moto, maji yenye presha yatakuchoma uso. Ndani unataka maji ya rangi, kijani au waridi au samawati, safi. Maji meupe ya bomba si dhambi kubwa, lakini yanaleta kutu na yanakuambia mwenye gari alikuwa akiongeza tu. Maji ya kahawia yenye utelezi wa mafuta juu ni habari mbaya. Zungusha sasa mfuniko wa oili na utazame upande wake wa chini: ukiona utando mzito wa rangi ya maziwa, maji na oili vinakutana mahali visipotakiwa, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi.

Usidharau mfuniko wa radieta wenyewe. Nakuru maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na ukipanda zaidi hushuka tena. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia maji yasichemke ni presha, na presha inashikwa na mfuniko ule mdogo wenye springi na mpira. Mpira ukipasuka, gari linaloenda vizuri Kisumu mwaka mzima litachemka safari ya kwanza ya Kericho, na fundi wa njiani atakuambia gasketi imeisha.

Uliza pia kama themostati ipo. Mafundi wengi wa barabarani, gari likichemka, huitoa na kuitupa. Gari linapoa, mteja anafurahi, na ugonjwa wenyewe umebaki ndani. Dalili yake: injini huchukua muda mrefu mno kupata moto asubuhi, hasa Nakuru kwenye baridi ya Julai.

Sasa mwenzako aliwashe wewe ukiwa nyuma ya sailensa. Mvuke mweupe mwembamba unaoisha ni kawaida ya asubuhi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi kwenye petroli ni mafuta kuzidi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radieta. Rudi mbele usikilize: cheni iliyolegea hugongagonga sekunde za kwanza kisha hunyamaza. Taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka ufunguo ukiwashwa na kuzimika injini ikinguruma. Taa ya mfuko wa hewa au ya injini isiyowaka kabisa pengine imetolewa balbu.

Hatua ya 6: Panda mlima

Hii ndiyo hatua ambayo wauzaji hawaipendi, na ndiyo inayotupa sisi wa huku faida. Mtu wa tambarare hulizungusha gari mtaa mmoja na kuridhika. Wewe una Riat pale nje ya Kisumu kwenye barabara ya Kakamega, na ukiwa na nafasi zaidi una mwinuko mzima wa kutoka Awasi kupanda Kericho. Nakuru una barabara ya kwenda kreta ya Menengai, au Njoro kuelekea Mau Narok. Ile ya Salgaa na Sachangwan inapima vizuri, lakini malori ni mengi na historia yake ya ajali inajulikana. Si mahali pa kujaribia breki usizozijua. Lipia mafuta wewe, mchukue muuzaji kando yako, na hakikisha gari lina bima inayofanya kazi kabla hujashika usukani.

Panda ukiwa umewasha AC. Mshale wa joto ukifika katikati unapaswa kubaki hapo. Tatizo ni kwamba Vitz, Demio na Fit nyingi hazina mshale. Zina taa ya samawati ya baridi na nyekundu ya hatari, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Kwa hiyo nunua au azima kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetooth. Si ghali. Kitakuonyesha joto halisi la maji kwa nambari. Likipanda nyuzi 95, 98, kisha feni ikalirudisha, sawa. Likipita 105 na kuendelea kupanda, simama, zima AC, acha lipoe.

Giaboksi nayo huongea mlimani. Ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) iliyochoka hutetemeka ukianza kuondoka, au injini hulia juu bila gari kuongeza mwendo. Ikiwa ya kawaida, sikia kama inabadilisha kwa kishindo. Simama kwenye mwinuko, weka R kisha D: ikichelewa sekunde mbili tatu kushika, ni gharama kubwa inakuja. Na uliza oili gani iliwekwa humo. CVT ina oili yake. Aliyeweka oili ya giaboksi ya kawaida ameiua polepole bila kujua.

Ukishuka, usikae juu ya breki. Weka L au S injini ilishike gari, halafu mahali ambapo uko peke yako barabarani bonyeza breki kwa nguvu mara moja. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Gari likivuta upande mmoja, angalia breki za upande ule na tairi.

Mwisho wa safari usizime. Acha lingurume dakika kumi, AC ikiwa imewashwa, na utazame chini. Maji safi yanayodondoka upande wa abiria ni ya AC. Kitu kingine chochote ni uvujaji.

Hatua ya 7: Fundi wako, si wa muuzaji

Mlipe ada yake hata usiponunua, na umwambie mapema kwamba atalipwa vilevile. Fundi anayengoja kamisheni kutoka kwa broka hawezi kukuonya. Mwambie alipandishe juu, atazame bushi, boljointi, shoki na buti za mpira za ekseli. Magari yaliyofanya kazi kwenye barabara za miwa, Muhoroni na Mumias, hula vitu hivi haraka hata kama injini ni nzima.

Asome kompyuta ya gari kwa mashine. Kuna ujanja wa kufuta makosa asubuhi ya siku ya kuuza, lakini gari likifutwa kompyuta huonyesha pia kwamba majaribio yake ya ndani bado hayajakamilika. Mwambie fundi akuonyeshe ukurasa huo. Majaribio mengi yakiwa hayajakamilika, uliza nini kilifutwa na kwa nini.

Hatua ya 8: Bei na malipo

Kaa chini na orodha ya vitu vibovu na bei zake dukani. "Tairi mbili ni za 2016, shoki za nyuma zimevuja, betri imechoka" hushusha bei kuliko "punguza kidogo, mzee wangu". Mwaka wa tairi uko ubavuni: nambari nne za mwisho baada ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hakuna kutuma "ya kushikilia" kabla hujaliona gari. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo kiasi kikubwa kipitie benki, kwa akaunti yenye jina lilelile la logibuku. Andikianeni mkataba mbele ya wakili au mashahidi: namba ya gari, chesi, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu, kwa sababu kabla yake ajali na makosa ya barabarani ni ya muuzaji.

Kubadilisha umiliki kufanyike mkiwa pamoja, simu au saiba yoyote itatosha. Muuzaji ndiye huanzisha ombi kwenye akaunti yake ya eCitizen, na wewe unalikubali kwenye yako. Wote mnahitaji PIN ya KRA. Sheria ya trafiki inakupa siku 14, baada ya hapo gari halitakiwi barabarani likiwa bado kwa jina la mwenyewe wa zamani. Broka akikwambia "tutafanya wiki ijayo", bakisha sehemu ya pesa mpaka wiki ijayo, na mkataba useme hivyo.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini na chujio lake, maji ya radieta, oili ya breki, chujio la hewa. Mfuniko wa radieta nunua mpya hata kama wa zamani unaonekana mzima. Bei yake ni ndogo. Oili ya giaboksi ibadilishwe kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti chake, na chombo kifunguliwe mbele yako.

Spea nunua mwenyewe dukani na risiti. Chukua ile kuukuu nyumbani baada ya kazi, kwa sababu mbili: unajua kweli ilitolewa, na siku nyingine dukani utaiweka juu ya kaunta na kusema nataka kama hii.